Farasi Aliyewajua Waamuzi

Twyla Hendershot alipotaja jina la farasi, Royce Tackett alimwomba arudie, ingawa alikuwa amelisikia vizuri.

"Deacon," Twyla akasema kwenye simu. "Yule mwekundu mwenye mguu mmoja mweupe. Si wewe uliyemfundisha? Ndiyo maana nimekupigia wewe. Nani atamjua kukushinda?"

Royce alikuwa na miaka hamsini na sita, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo alikuwa ameitumia kwa farasi wa mchezo wa hatamu. Zamani aliwafundisha na kuwapanda mashindanoni. Siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kuwathamini kwa niaba ya wanunuzi. Watu wa kusini mwa Oklahoma walikuwa hawatoi pesa mpaka Royce amtazame farasi, ampande, ataje bei. Akisema huyu ni wa dola elfu ishirini, hapakuwa na ubishi.

"Anauzwa na nani?" akauliza. Na hilo pia alilijua.

"Lonnie Peavy, kule Wynnewood. Anataka elfu ishirini na mbili. Ninazo, lakini nikishazitoa sina nyingine. Nimeuza kile kipande cha shamba alichoniachia baba. Sasa niambie wewe, Royce, kama nafanya ujinga."

Twyla alikuwa msambazaji wa barua, mwenye miaka hamsini na mmoja, mjane asiye na mtoto. Kwa miaka tisa alishindana juu ya farasi wa kuazima, wale ambao wenyewe walikuwa wameshawachoka. Magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Alitaka misimu miwili mitatu tu juu ya farasi wake mwenyewe, kabla hayajakataa kabisa.

Royce angeweza kusema ana shughuli. Angeweza kusema lolote. Akasema, "Jumamosi, saa nne asubuhi."

Alipokata simu alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, kahawa ikapoa mkononi.

Katika mchezo huu mtu huingia uwanjani peke yake na farasi wake, mbele ya waamuzi walioketi kwenye viti vyao. Huendesha miduara mikubwa kwa mbio na midogo polepole, humzungusha farasi papo hapo kama pia ya watoto, kisha humtoa mbio ndefu na kumsimamisha ghafla mpaka miguu ya nyuma iteleze mchangani mita kumi. Yote hayo kwa mkono mmoja, hatamu zikiwa zimelegea. Farasi akikosea nyumbani, unamsahihisha palepale. Akikosea mbele ya waamuzi, huna la kufanya. Ukimvuta kwa nguvu, alama zinapotea. Wapo farasi wachache wenye akili ya kuligundua hilo. Nyumbani ni malaika. Wakiona vile viti wanajua kwamba leo bwana mkubwa amefungwa mikono, basi wanafanya wanavyotaka. Farasi wa namna hiyo hana bei, hata awe mzuri vipi. Na dawa yake haijulikani.

Deacon alikuwa mmoja wao. Aliyemfanya awe hivyo ni Royce.

Alikuwa farasi wa miaka mitatu, bora kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwa Royce, na Royce aliona ndani yake yale mashindano makubwa ambayo hakuwahi kuyashinda. Basi kila walipoingia uwanjani akamtaka atoe zaidi ya alichokitoa nyumbani. Alimchoma kwa vyuma vya visigino vya viatu vyake upande ambao waamuzi hawauoni. Alimsimamisha kwa nguvu siku ambazo miguu ilikuwa inamuuma. Mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili farasi aliingia uwanjani, akaviona viti, akapunguza mbio mwenyewe, akasimama katikati ya mduara. Royce akasingizia mchanga mbaya. Mashindano yaliyofuata, vilevile. Mara mbili zilizofuata Royce alimwondoa orodhani kabla ya zamu yake, ili asiandikiwe alama. Kisha akamuuza kwa Lonnie Peavy kwa dola elfu thelathini.

Lonnie alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Farasi wake wa kwanza wa mashindano ndiye huyo. Alimpeleka mashindanoni Ardmore, Deacon akasimama katikati ya mduara mbele ya watu wote. Akampeleka tena mwezi uliofuata, akasimama tena, na safari hii akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, watu wakacheka. Jioni ile Lonnie alimpigia simu Royce.

"Nakosea wapi, kaka? Niambie ukweli, mimi si mtu wa kununa."

Royce akamjibu, "Ni mikono yako, Lonnie. Mizito. Farasi huyu ni mwepesi sana kwako."

Lonnie akacheka kidogo, akashukuru. Hakushindana tena. Ni miaka mitano sasa.

*

Jumamosi Lonnie aliwapokea getini huku akimpiga Royce begani.

"Mzee wa farasi! Umenenepa. Mke wangu Charlene akiniambia nimenenepa, nitamwambia kamwone Royce."

"Mimi ni mafuta," Royce akasema. "Wewe ni bia."

"Bia ni shayiri, na shayiri ni chakula cha farasi. Karibuni. Twyla, huyu jamaa amekutoza kiasi gani kuja kunitukana?"

"Dola mia mbili."

"Mia mbili! Ningekutukana mimi bure."

Deacon alikuwa amefungwa mbele ya banda, amechanwa manyoya mpaka anang'aa. Wathamini wote wana mchezo wao mmoja. Kabla ya salamu kuisha mkono unapita kwapani mwa farasi na chini ya singa za shingoni kutafuta jasho, kwa maana wauzaji wengi humkimbiza farasi alfajiri mpaka achoke, mnunuzi akifika amkute mpole. Royce alipeleka mkono. Pakavu kabisa.

"Hajatoka bandani tangu jana," Lonnie akasema. "Nilijua utashika. Mimi namuuza kama alivyo."

Royce akautoa mkono wake haraka, kana kwamba ameshikwa akiiba.

Lonnie alipanda kwanza, kwa kuwa ndiyo desturi, muuzaji aonyeshe. Alimtembeza, akamkimbiza, akamzungusha. Royce alisimama uzioni akimtazama, na alichokitazama zaidi ni mikono. Hakuwa ameiona ikifanya kazi tangu siku aliyomuuzia. Ilikuwa laini. Hatamu zilining'inia shingoni mwa farasi na Lonnie aliziinua kidogo tu, kama mtu anayeinua kitambaa juu ya uso wa mtoto aliyelala. Mikono ya namna hiyo haifundishwi. Royce mwenyewe hakuwa nayo.

"Mnaona?" Lonnie akapiga kelele kutoka katikati ya uwanja. "Anaijua kazi. Mimi ndiye niliyemharibia jina. Apate mtu mwenye mikono."

Twyla akapanda. Mzunguko wa kwanza aliogopa, wa pili akatabasamu. Alipomtoa mbio na kusema "hoo," Deacon akashuka nyuma, akateleza, vumbi likawafunika wote wawili, na ndani ya vumbi ikasikika sauti ya mwanamke wa miaka hamsini na mmoja akicheka kama msichana.

"Royce!" akasema, macho yamemtoka. "Umeona?"

"Nimeona."

"Panda na wewe."

Hakutaka, lakini akapanda. Deacon aligeuza sikio moja nyuma, akalirudisha. Alifanya kila alichoombwa. Uwanja ulikuwa mtupu, hapakuwa na kiti hata kimoja. Ungemuuliza Royce bei ya farasi huyu hapa, siku hii, angesema elfu arobaini.

Wakati wa kutaja bei mthamini humchukua mnunuzi kando, muuzaji asisikie. Wakaenda nyuma ya trela la Twyla. Lonnie akajifanya anafagia banda.

"Haya," Twyla akasema. "Sema. Usinipambie."

Hapa ndipo pa kusema. Royce alikuwa amepanga maneno njia nzima. Lakini kusema farasi huyu ni mwongo uwanjani maana yake ni kusema alijua, na kusema alijua maana yake ni kusikiwa na Lonnie, pale, na fagio lake, mita ishirini. Mdomo ukafunguka, ukatoa kitu kingine.

"Vifundo vya miguu ya nyuma," akasema. "Sivipendi. Nimevisikia nilipompanda. Vimeanza kuisha. Utamlipia daktari kuliko utakavyompanda. Mwache."

Twyla alimtazama, kisha akaangalia chini. "Vyote viwili?"

"Zaidi cha kushoto."

Alijiambia kwamba amemwokoa. Amemwokolea pesa za kipande cha shamba la baba yake, na hakuna aliyeumia. Alijiambia hivyo mara nyingi akirudi nyumbani, na kila aliposema aliongeza mwendo wa pikapu.

*

Jumanne Twyla akapiga simu. Hajaweza kulala. Amemwita daktari wa mifugo apige eksirei, kesho saa tano, halafu ndiyo aamue. Njoo, Royce, utusomee zile picha.

Jumatano Lonnie hakuwa na utani. Alimshika Deacon kamba, na Royce akaona kwamba miguu ya nyuma ya farasi ilikuwa imefungwa bendeji safi.

"Nimekuwa nikiimwagia maji baridi," Lonnie akasema. "Asubuhi na jioni tangu Jumamosi. Twyla aliponiambia, nikamwambia nashusha elfu saba, na kama haitoshi nashusha tena. Sikujua, Royce. Naapa sikujua. Nampanda kila Jumapili, na sikusikia kitu. Yaani nilimharibia jina, na kumbe nimemharibu na miguu."

 Daktari, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alifungua bendeji, akaukunja mguu wa kushoto, akaushikilia hivyo kwa dakika moja na ushee, akauachia na kusema, "Mkimbize." Lonnie akakimbia naye, akihema. Farasi akakimbia mwepesi kama anayecheza ngoma. Mguu wa kulia, vilevile. Kisha picha. Daktari alizitazama kwenye kompyuta yake juu ya boneti ya gari.

"Nani alisema vifundo vimeisha?"

Lonnie akamtazama Royce.

"Basi amekosea. Hivi ni kama vifundo vya farasi wa miaka mitano. Mkimtaka, mchukueni." Akafunga kompyuta, akaandika karatasi yake, akapokea malipo yake, akaondoka.

Twyla alimgeukia Royce, si kwa hasira. Angalau hasira ingemsaidia. "Unazeeka, mzee wangu," akasema, akamgusa mkono. "Hata mimi juzi nimepeleka barua za akina Dobbins kwa akina Fry." Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha hundi, akakiweka juu ya boneti ya pikapu. "Lonnie, bei ni ileile. Ishirini na mbili. Sichukui punguzo la mguu ambao si mbovu."

Lonnie alikuwa amechuchumaa nyuma ya farasi, ameegemeza paji la uso kwenye paja la yule mnyama. Walidhani anaangalia mguu. Alipoinuka walimwona macho yamelowa.

"Asante Mungu," akasema. "Angalau hilo sikulifanya mimi."

Kalamu ya Twyla ilikuwa imeandika tarehe.

"Usiandike," Royce akasema.

"Nini tena?"

"Usiandike, Twyla. Farasi huyu hafai mashindanoni. Anawajua waamuzi. Akiona viti vyao anasimama, na huwezi kumfanya kitu. Alikuwa hivyo kabla Lonnie hajamnunua." Akamgeukia Lonnie. "Nilijua. Nilimfanya mimi mwenyewe. Nilimuumiza mbele ya viti vile mpaka akajifunza, kisha nikamuuza."

Kuku mmoja alipita kati yao, taratibu, akidonoa.

"Rudia," Lonnie akasema.

Royce akarudia. Safari hii ilikuwa fupi zaidi, na mbaya zaidi.

"Na vifundo?" Twyla akauliza.

"Nilitunga. Sikutaka Lonnie ajue."

Twyla akafunga kitabu cha hundi bila sauti. Lonnie alikuwa bado ameshika kamba ya farasi.

"Ile simu," akasema. "Nilipokupigia kutoka Ardmore. Ukaniambia mikono."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo haikuwa mikono."

"Haikuwa."

"Hata kidogo?"

"Una mikono mizuri, Lonnie. Mizuri kuliko yangu. Nilipoiona Jumamosi niliona haya kutazama."

Royce alikuwa amejiandaa kupigwa. Kwa kweli alitaka kupigwa, kwa maana ngumi ingekuwa mwisho wa jambo. Lonnie hakumpiga. 

"Nitamnunua tena," Royce akasema haraka. "Bei uliyonipa, elfu thelathini yote. Nitauza lile trela langu na..."

"Nyamaza."

Lonnie akaizungusha kamba ya Deacon mkononi.

"Unataka umchukue, uende naye nyumbani, yaishe," Lonnie akasema. "Huyu ni farasi wangu. Kosa lake ni lipi? Alichoka na wewe, basi. Hata mimi nimechoka na wewe, na sijamaliza hata dakika kumi tangu nikujue." Akamfunga Deacon kwenye kigingi, fundo mara mbili. "Twende ndani. Unakwenda kumwambia Charlene."

"Lonnie..."

"Charlene alikuwa jukwaani siku ile wanacheka. Kila mwaka ananiambia nijaribu tena, na kila mwaka namwambia sina mikono. Amechoka kunisikia. Nikimwambia haya mimi, atadhani nimejitungia. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako huohuo."

*

Jikoni palinuka maharage na mkate wa mahindi. Charlene, mwanamke mpana mwenye aproni iliyolowa tumboni, alikuwa akipanga sahani. Mezani alikuwa ameshaketi mama yake, Bibi Opal, mwenye miaka themanini na minne, kifaa chake cha kumsaidia kusikia kikiwa pembeni ya chupa ya pilipili.

"Mmemaliza? Kaeni, chakula kitapoa," Charlene akasema. Kisha akauona uso wa mumewe. "Farasi amekufa?"

"Royce ana neno," Lonnie akasema.

Royce akavua kofia. "Charlene, nimekuja kusema kwamba kuhusu Deacon, tangu mwanzo kulikuwa na tabia fulani ambayo pengine haikuelezwa vya kutosha wakati wa..."

"Sema vizuri," Charlene akasema. "Nani alifanya nini?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Royce aliona jinsi maneno ya biashara ya farasi yalivyotengenezwa kuficha mtu. Akayaacha. Alisema, "Mimi nilimharibu farasi. Nikamuuzia mumeo nikijua. Aliposhindwa nikamwambia ni mikono yake. Ulikuwa uongo."

Charlene aliweka sahani aliyokuwa ameishika. Aliiweka polepole sana, kama iliyojaa mpaka ukingoni, na ilikuwa tupu.

"Anasemaje?" Bibi Opal akauliza kwa sauti kubwa.

Charlene hakugeuka. "Mwambie mama."

"Charlene, nadhani inatosha kwamba..."

"Ndiye aliyekaa na Lonnie kwenye kibaraza hicho wiki nzima, Lonnie akiwa hataki kula. Mwambie mama."

Royce akainama karibu na sikio la yule bibi. Sikio lilikuwa dogo, lina hereni ya lulu bandia. "Nilimuuzia Lonnie farasi mbovu!" akapaza sauti. "Nikamdanganya kwamba hajui kupanda!"

"Nani hajui kupanda?"

"Lonnie! Anajua! Mimi ndiye niliyesema uongo!"

Ikasikika mpaka barabarani. Mbwa akabweka. Bibi Opal akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele chache zilizobaki, bila haraka, kama Royce mwenyewe alivyozoea kuwatazama farasi.

"Na huyu ndiye mnayemwita aje awatajie thamani ya vitu?"

"Ndiye tuliyekuwa tunamwita," Twyla akasema kutoka mlangoni.

Lonnie alikuwa ameketi. Ameweka mikono yote miwili mezani, viganja juu, anavitazama. Vilikuwa na makovu madogo ya cheche za kuchomelea. Charlene akaja nyuma yake, akaweka kidevu juu ya kichwa cha mumewe, akafumba macho.

"Twyla, rudisha kitabu chako cha hundi mkobani," Lonnie akasema baadaye. "Simuuzi tena. Nitakusaidia kutafuta mwingine. Tutatafuta wenyewe, kwa macho yetu."

"Sawa, Lonnie."

"Kaa ule."

Twyla akaketi. Charlene akapakua: sahani ya mama yake, ya mumewe, ya Twyla, yake. Akakata mkate wa mahindi vipande vinne. Katika nyumba za kule, hata mtoza ushuru akiingia saa ya chakula anapewa sahani. Royce alisimama na kofia yake mkononi. Hakuna aliyemwambia aketi, na hakuna aliyemwambia aondoke. Walianza kula. Bibi Opal akaomba pilipili, akapewa.

Akatoka kwa mlango wa jikoni, akaufunga taratibu usigonge.

Ndani ya pikapu simu yake ilikuwa inalia. Ni mtu wa mji wa Norman, tajiri kidogo, waliyekuwa wamepatana aende Alhamisi kumtazamia farasi jike wa binti yake.

"Royce! Vipi, bado Alhamisi?"

"Hapana," Royce akasema. "Tafuta mtu mwingine."

"Kulikoni? Unaumwa?"

Neno lilikuwa jepesi kabisa. Ndiyo, naumwa. Yule bwana angempa pole, angesubiri hadi wiki ijayo. Kupitia dirisha la jikoni Royce aliona migongo minne imeinama juu ya sahani.

"Siumwi," akasema. "Una dakika mbili? Kuna farasi nilimuuza, miaka mitano iliyopita."

Na akaanza tena tangu mwanzo.